Pilipili ya Ubia

Sehemu ya Kumi na Nne

Mlioshika roho tangu Jumamosi iliyopita, shusheni pumzi. Kile kilichopasuka ndani ya kabati la joto la kupimia vyakula wakati Tupokigwe ameweka mkono kwenye kitasa hakikuwa balbu wala hakikuwa bomu. Ilikuwa pakiti ya pilipili. Na kabla hajakivuta kitasa hicho, ikapasuka ya pili.

"Fungua, mama," alisema Mauwa, mkaguzi, kwa sauti ya mtu aliyekaa foleni ya benki tangu asubuhi. "Ukichelewa utakuta zimeisha."

Tupokigwe akafungua. Harufu ya chachu na kitunguu saumu ikamvaa usoni. Pakiti arobaini walizoziingiza humo siku saba zilizopita zikiwa bapa kama kadi za mwaliko, sasa zilikuwa zimevimba na kukaa kitako kwenye trei kama mito ya kochi. Tatu zilikuwa zimeshapasuka na kuzipaka kuta za kabati rangi nyekundu. Ya nne ilipasuka palepale, ikamrukia Farhan kwenye shati jeupe alilolivaa makusudi kwa ajili ya kupigwa picha.

Farhan akalitazama shati lake. Kisha akamtazama Tupokigwe, na Tupokigwe akamtazama yeye. Wote wawili wakasema kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi: "Ni kosa lako hilo."

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili leo ufungie vitumbua kisha ukajikuta unasoma, nikujuze kwa ufupi. Tupokigwe ana kiwanda kidogo cha pilipili kule Chanika. Aliianza pilipili hiyo miaka tisa iliyopita, kwa sufuria moja uani kwake Ukonga, wauza chipsi wakawa wanampangia foleni na vichupa vyao mkononi. Farhan ana karakana ya vifungashio Temeke. Mmoja ana pilipili ya kulamba vidole, hana pa kuitia isipokuwa chupa za kuokoteza. Mwenzake ana mashine ya kufunga pakiti, na mashine inalala nusu ya wiki kwa kukosa cha kufunga. Wakaamua kutengeneza kitu ambacho mtaani kwao hakijawahi kutengenezwa: pilipili ya nyumbani kwenye pakiti ndogo ya kiganja, unaichana kwa meno, inakaa miezi sita bila friji.

Wazo lilikuwa zuri. Nalisema hilo mapema, kwa sababu ndilo jambo zuri la mwisho nitakalolisema leo kuhusu watu hawa wawili.

Walifanya hafla ukumbini Kinondoni. Wakalishana keki kama bibi na bwana harusi, Farhan akamfuta mwenzake krimu mdomoni kwa tishu, wapiga picha wakaomba warudie. Farhan akashika maiki akasema, "Kuanzia leo hakuna Chanika wala Temeke. Sie ni nyumba moja!" Vigelegele vikapigwa. Kesho yake asubuhi Tupokigwe akawakusanya wafanyakazi wake na kuwaambia kwamba atakayekutwa anaongea na mtu wa Temeke habari za jikoni, kazi hana. Saa hiyohiyo Farhan alikuwa anawaambia watu wake maneno hayohayo, isipokuwa yeye alitaja Chanika.

Wakaandikishana na mkataba. Kifungu cha tisa, ambacho wote wawili walikidai kwa kugonga meza ya wakili, kilisema hivi: upande utakaobainika kumficha mwenzake jambo lolote kuhusu bidhaa utapoteza bidhaa nzima, mapishi, jina na kila kitu, na vyote vitakuwa mali ya mwenzake. Kila mmoja alikitaka kifungu hicho kwa kuwa alikuwa na hakika mwenzake ni mwongo. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kudanganya, hilo hakulihesabu.

Sasa tuendelee, maana shati la Farhan linakauka.

"Mama Mauwa," Farhan alianza, akijifuta kwa kiganja na kuzidi kulieneza doa, "mie naomba tuwe wakweli. Pakiti yangu haina shida. Ile ni plastiki, na plastiki haichachi. Kinachochacha ni chakula."

"Haichachi ila inapitisha hewa," Tupokigwe akadakia. "Pilipili yangu inakaaga miezi minne kwenye chupa, kaka Farhan. Miezi minne! Imekaa kwako wiki moja, imekuwa pombe."

"Dada Tupo, mie nakuheshimu sana."

"Niheshimu kwa kuziba pakiti."

Mauwa alikuwa mkaguzi wa ubora wa maduka ya Pakacha, yale maduka kumi na mawili ambayo kila mwenye kiwanda cha uani anaota kuona bidhaa yake kwenye rafu zake. Ofisi yake ilikuwa Mabibo, juu ya stoo ya vitunguu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliziangalia pakiti, akawaangalia wenye pakiti, na ilionekana wazi kuwa pakiti ndizo alizozionea huruma.

"Nisikilizeni nyie watu wazima," alisema. "Sasa hivi ni saa nne. Saa nane kamili mnarudi hapa na jibu moja, sio mawili. Mkiniambia kweli ni kitu gani kimeharibu, nawapa wiki tatu mtengeneze upya, nazipima mwenyewe. Mkija na hizi ngonjera zenu, naandika 'imekataliwa', na Pakacha haitapokea tena kitu chenye majina yenu. Mie sikusomea kusuluhisha wanandoa. Nimesomea vijidudu."

Wakatoka.

Tupokigwe alijua kilichozivimbisha zile pakiti, au angalau alijua nusu yake. Ni papai. Kwenye orodha aliyompa Farhan kulikuwa na nyanya, pilipili mbuzi, kitunguu saumu, siki na chumvi. Papai halikuwemo, na papai ndilo lililokuwa siri yote. Analichemsha likiwa halijaiva sawasawa, analisaga, analichuja, na hapo pilipili inapata ule uzito na ule mng'ao ambao watu wamejaribu kuuiga wakashindwa.

Papai si sumu wala si aibu. Angelitaja tu siku ya kwanza, mtu yeyote mwenye akili zake angemwambia aongeze siki, kwa kuwa papai halina ukali wa nyanya, na mambo yangeishia hapo. Lakini Tupokigwe alilelewa na shangazi aliyemfundisha kuwa mtu akikuomba mapishi unampa yote, unabakiza moja. Wanakwaya wenzake wamekuwa wakiipika pilipili hiyo kwa miaka tisa, kila mwaka inawatoka majimaji, na kila mwaka amewatazama usoni na kuwapa pole.

Sasa papai lile lilikuwa limemkaba koo. Akisema kweli, kifungu cha tisa kinampa Farhan pilipili yake, pamoja na jina lililoanzia kwenye sufuria ya Ukonga. Akinyamaza, Mauwa anaandika 'imekataliwa' na mlango unafungwa. Njia ilikuwa moja tu: apate uongo wa Farhan kabla ya saa nane. Kwamba uongo upo, hakuwa na shaka. Mtu hawezi kung'ang'ania kifungu kama kile kama hana anachoficha, aliwaza, na wala hakuona ajabu kuwaza hivyo.

"Mie nakaa hapa kwa mama ntilie ninywe chai, nitulize kichwa," alimwambia Farhan kwa upole.

"Mie napita nyumbani nibadili shati," Farhan akajibu kwa upole zaidi. "Mungu atatusimamia, dada'angu."

Wakapeana mikono. Gari la Farhan lilipokata kona tu, Tupokigwe akasimamisha bajaji na kumwambia dereva ampeleke Temeke, upesi.

Katika miezi minane ya kuwa nyumba moja, Tupokigwe hakuwahi kuvuka kaunta ya karakana ya Farhan. Kila alipokuja aliwekewa kiti, akaletewa soda, akasindikizwa mpaka nje. Leo alipita kaunta kwa kifua mbele. Ndani hakukuwa na mtu isipokuwa Munira, fundi wa mashine, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyefunga kitambaa kichwani na kushika bisibisi.

"Bosi wako kasema nichukue pakiti za mfano," Tupokigwe alisema.

Munira akamtazama kidogo. "Bosi akisema kitu hupiga simu, tena kwa kelele. Hajasema. Lakini karibu, dada Tupo. Nilikuwa nakusubiri tangu mwezi wa tatu."

Tupokigwe hakuuliza maana ya hilo. Macho yake yalikuwa yameshanasa kwenye ndoo tatu kubwa za pilipili zilizokaa sakafuni, mifuniko wazi, nzi mmoja akizizunguka.

"Mnaifunga ikiwa na nyuzi joto ngapi?"

"Kwenye karatasi au kwenye ndoo?"

"Munira!"

"Kwenye karatasi ni themanini na tano, kama ulivyoagiza wewe. Kwenye ndoo ni arobaini, vuguvugu." Munira akachovya kipimajoto kwenye ndoo na kumwonyesha. "Inapoa saa mbili nzima. Hii plastiki ni nyembamba, dada. Ukitia cha moto inajikunja. Bosi alikwambia ataleta ile nene inayohimili moto. Hakuileta. Akasema hutojua."

Moyo wa Tupokigwe uliruka kwa furaha, na haikuwa furaha ya kumsimulia mchungaji. Alitoa simu, akamwomba Munira arudie maneno yake, akarekodi ndoo, akarekodi kipimajoto, akamrekodi hata nzi. Miezi minane ya kazi ilikuwa imeharibika, bidhaa iko kaburini, na mwanamke huyu alikuwa anatabasamu kama aliyepokea mahari ya binti yake.

"Umefurahi sana," Munira alisema.

"Nimepata jibu."

"Umepata nusu. Vuguvugu peke yake lisingezivimbisha vile. Na papai peke yake lisingezivimbisha. Vimekutana."

Tupokigwe akazima kurekodi haraka. "Papai? Papai gani?"

"Dada Tupo," Munira alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Mie mama yangu alikuwaga anauza achari Mbagala. Papai nalijua hata ukilivisha ushungi."

"Umemwambia Farhan?"

"Hajaniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Yeye alinikataza kuongea na watu wa Chanika. Nikaja kwako mwenyewe mara mbili, mwezi wa tatu, nikupe mawazo yangu. Mlinzi wako akanifukuza getini. Akasema ni amri."

Ilikuwa amri kweli. Tupokigwe aliikumbuka, kwa kuwa aliitoa yeye.

Munira akanyoosha mkono juu ya mashine, pale bati linapopata moto mchana kutwa, akashusha bahasha. Ndani mlikuwa na pakiti tano. Kila moja ilikuwa bapa, imetulia, na tarehe imeandikwa kwa kalamu. Zilikuwa zimekaa juu ya joto lile siku thelathini na moja.

Tupokigwe aliiminya moja kwa vidole. Haikuwa na hewa. Akaichana kwa meno, akaonja. Ilikuwa pilipili yake, na ilikuwa tamu kuliko yake. Hilo la pili lilimuuma kuliko zile pakiti zote zilizopasuka kule Mabibo.

"Umefanyaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Papai lako limo. Vuguvugu la bosi limo. Sikutoa kitu cha mtu. Nimecheza na siki, kisha nimeongeza kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Nitasema mkiwa mmekaa wote wawili." Munira alirudi kwenye bisibisi yake. "Nikikwambia wewe peke yako, utamficha yeye. Nikimwambia yeye, atakuficha wewe. Nyie mnajulikana."

Wasomaji wangu, bajaji ilikuwa inasubiri nje na ina nafasi ya watu watatu. Mtu mwenye chembe ya akili angemshika Munira mkono, akampakia, na saa nane wangekuwa mbele ya Mauwa na bidhaa mpya ambayo haijawahi kuonekana mjini hapa. Tupokigwe alifanya nini? Aliomba pakiti mbili "za kuonyesha tu", akachukua namba ya simu, akasema asante sana mdogo wangu, nitakupigia, akapanda bajaji peke yake.

Njiani alichana pakiti moja na kuinyonya tone kwa tone, akijaribu kukibaini kile kitu kimoja. Kwenye taa za kwanza za barabarani ulimi wake ulimwambia ni ndimu. Kwenye taa za pili ukamwambia ni ukwaju. Walipofika Mabibo ulikuwa umewaka moto na hauambii kitu tena. Hata hivyo alipanda ngazi kwa maringo. Video anayo, pakiti moja nzima anayo, na Farhan kwisha habari yake.

Farhan alikuwa ameshafika. Amevaa shati jipya la bluu, ameketi amekunja nne, na chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko mweusi umefungwa fundo.

"Saa nane," Mauwa alisema. "Jibu."

Tupokigwe hakungoja. Aliweka simu mezani na kubonyeza. Sauti ya Munira ikasikika, kipimajoto kikaonekana, nyuzi arobaini zikasomeka. "Huyo ndiye mwenzangu, mama. Plastiki ya moto hakuileta. Ananidanganya kwa karatasi, pilipili yangu inalala sakafuni na nzi. Kifungu cha tisa kiko wazi!"

Farhan alitakiwa apauke. Hakupauka. Aliinama taratibu, akafungua fundo la mfuko wake, na kuumimina wote juu ya meza ya Mauwa.

Yalikuwa maganda ya papai, kilo mbili au tatu, na mbegu zake nyeusi zikabiringika mpaka kwenye daftari la ukaguzi.

"Jalala lako liko nyuma ya choo, dada'angu," Farhan alisema. "Nimelichambua mwenyewe kwa mikono hii. Nyanya nimeona maganda machache. Mengine yote ni haya."

Ndipo Tupokigwe alipoviona viatu vyake. Vilikuwa vimejaa udongo mwekundu wa Chanika.

"Ulisema unabadili shati!"

"Na wewe ulisema unakunywa chai!"

Wakasimama, kila mmoja ameudhika kwa dhati kabisa kwamba mwenzake ni mtu asiyeaminika. Mauwa alivaa miwani, akaomba mkataba, akasoma kifungu cha tisa kwa sauti mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Aliyeficha anapoteza, mwenzake anachukua," alisema. "Wote mmeficha. Kwa hiyo wewe unampa yeye, halafu yeye anakupa wewe. Wakili aliyeandika kitu hiki alikuwa mzima?"

"Hakuwaza kama wote wawili..." Farhan alianza.

"Hakuwaza, au hamkumwambia? Wewe ungesema plastiki ni nyembamba, huyu angeongeza siki. Huyu angesema kuna papai, wewe ungetafuta plastiki nene. Mmoja tu angesema! Nimepima vyakula miaka ishirini na mbili, nimekutana na kila aina ya kijidudu, sijaona kijinga kama hiki." Akashika kalamu. "Imekataliwa."

"Subiri, mama!" Tupokigwe alipaza sauti. "Mie nina suluhisho. Nimetengeneza hii."

Akaitoa pakiti ya Munira. Farhan alipoiona tu aliitambua. "Hiyo plastiki yangu! Hiyo imefungwa na mashine yangu! Umeingia kwangu saa ngapi?"

Mauwa hakumsikiliza. Aliisoma tarehe, akaiminya pakiti, akaigeuza, akaichana na kutia tone ulimini. Akatia tone jingine. Uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa kama duka la marehemu, ukafunguka.

"Siku thelathini na moja?" aliuliza polepole. "Kwenye joto? Sasa hii ndiyo kitu. Hii nikiiweka Pakacha, chupa zote zitaomba kustaafu. Umetia nini?"

"Siki," Tupokigwe alisema. "Nyingi."

"Na nini?"

"Na... ndimu."

"Hamna ndimu humu."

"Ukwaju kidogo."

"Mama," Mauwa alisema kwa upole uliochoma kuliko matusi, "unanikisia?"

Tupokigwe aliona haya mpaka masikioni. Alichukua simu, akapiga namba ya Munira, akaiweka mezani katikati ya maganda ya papai na kubonyeza spika.

"Nyie wote mpo?" sauti ya Munira iliuliza. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Tupo," Farhan alifoka. "Sema ulichotia. Hiyo ni kazi ya ofisi yangu!"

"Ni pilipili yangu!" Tupokigwe akasema.

"Shikamoo, mama Mauwa," Munira alisema, kana kwamba hajawasikia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mie nitasema yote, na kipimo chake. Sina haja ya kukificha. Ila kwanza ule mkataba wao uchanwe. Kifungu kile kikiwepo, nikifungua mdomo tu mmoja ataniburuta kuwa shahidi dhidi ya mwenzake, na pilipili itafia mahakamani. Wauchane, waanze upya wakiwa wanaambiana. Wakishauchana, nawatajia sasa hivi kwenye simu hii."

Mauwa akawatazama. "Mmesikia. Kila mtu ana nakala yake halisi?"

"Ninayo," Farhan alisema haraka.

"Ninayo," Tupokigwe alisema haraka vilevile.

Kila mmoja akachomoa karatasi zake kwenye begi. Tupokigwe alishika zake juu, zionekane, akazichana kati, akazichana tena, vipande vikaanguka juu ya meza. Alifanya hivyo kwa uchungu mkubwa, hata machozi yalimlengalenga. Ilikuwa fotokopi. Nakala halisi ilikuwa Ukonga, chini ya godoro, na haikuwa na mpango wa kutoka huko.

Kwani yeye ni mjinga? Achane yake, kisha Farhan abaki na yake, na maganda yote haya mezani?

Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Farhan. Farhan naye alichana kwa juhudi, ameuma meno. Ukurasa wa mwisho ulipopasuka, Tupokigwe aliuona mhuri wa wakili. Mhuri ule ulikuwa wa bluu siku walipougonga Kinondoni. Huu wa Farhan ulikuwa mweusi.

Akainua macho. Farhan alikuwa anautazama mhuri wa Tupokigwe, nao mweusi.

Kwa mara ya kwanza tangu waanze ubia, watu hawa wawili walikuwa wamefanya jambo moja, kwa njia moja, na wakaelewana kabisa.

"Tumechana," Farhan alisema kwenye simu.

"Tumechana," Tupokigwe akasema.

"Mama Mauwa," sauti ya Munira iliita, na sasa mashine ilikuwa imezimwa. "Ni kweli?"

Mauwa akavaa miwani. Akavikusanya vipande taratibu, vya huyu upande huu, vya yule upande ule. Akatafuta kipande chenye mhuri wa Tupokigwe, akalowesha kidole gumba kwa mate, akausugua. Akausugua na wa Farhan. Kisha akakiinua kidole chake kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama. Kilikuwa safi, hakina hata alama ya wino.

Aibu ikamshika Tupokigwe, aibu ya kweli safari hii. Maneno yalimfika mdomoni: nisamehe mama, halisi iko nyumbani, naifuata sasa hivi. Angeyasema, pilipili yake ingekuwa hai. Lakini akiyasema, Farhan atabaki na nakala yake, na yeye atakuwa mikono mitupu. Alimtazama Farhan aone kama ataanza yeye. Farhan alikuwa anamtazama yeye, anangoja vilevile.

Wakangojana. Mauwa aliwapa muda, tena muda wa kutosha, akihamisha macho kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua simu ya Tupokigwe pale mezani, akazima spika na kuiweka sikioni. Akainuka, akatembea mpaka mlangoni.

"Munira mwanangu, usikate simu," alisema akiwa ameshika kitasa. "Hebu niambie. Wewe una kampuni?"

Akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.